Mwaka Ambao Albina Alipumzisha Miguu

Wifi yangu Albina hakuwahi kushika cheo, hakuzaa, wala hakuacha mali ya kugombaniwa. Jina lake likitajwa leo watu hunyoosha mkono upande wa kilima na kusema, "kule kwa Albina," bila kujua Albina alikuwa nani, wala ilikuwaje mwanamke asiye na mume akawa na shamba lake mwenyewe katika miaka ile. Mimi najua. Nilikaa naye nyumba moja, tukala chungu kimoja, na kumbukumbu yangu haijapungua.

Alikuwa dada mdogo wa mume wangu, Adolfu. Alikuwa mrefu, mwembamba kiunoni na mabegani, na miguu yake mama mkwe wangu Cornelia alikuwa akiilaumu kwamba ilikula chakula chote kabla hakijafika sehemu nyingine. Aliolewa Chala, akakaa huko miaka kadhaa, mtoto hakupatikana, akarudishwa kwao. Hapakuwa na ugomvi. Mume alimsindikiza mpaka njia panda, akambebea sanduku, akampa mkono, akageuka. Hivyo ndivyo Albina alivyonisimulia, na hakusimulia tena.

Alitukuta tumeshahamia kijiji kipya. Serikali ilikuwa imetutoa kwenye vitongoji vyetu vya zamani na kutupanga kando ya barabara ya mjini, nyumba zikiwa kwenye mistari kama madawati. Kila kaya ilipewa kiwanja na eka. Kaya maana yake ilikuwa mwanamume. Mjane aliandikwa kwa jina la mwanawe, na mwanamke aliyerudi kwao aliandikwa kwa kaka yake. Basi Albina akawa analima eka ya Adolfu, analala chumba cha mama yake, na kila asubuhi anakunja nguo zake na kuzirudisha sandukuni, kifuniko kinafungwa, kama mtu anayengoja basi.

Nilimwuliza siku moja, "Wifi, misumari si ipo ukutani? Zitundike."

"Ukuta ni wako, mama Flavian," akanijibu. Flavian ni mwanangu wa kwanza. Hakusema kwa ubaya.

Mwaka wa pili wa kijiji, mvua zikiwa bado kali, mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano. Mwenyekiti wetu alikuwa Eustaki, mtu mfupi mwenye sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti. Alipomaliza habari za mbolea na za shamba la kijiji, akaingia kwenye michezo.

"Saba Saba iliyopita," alisema, "wenzetu walirudi kutoka Sumbawanga na mabeseni na majembe ya zawadi. Sisi tulirudi na nini?"

"Vumbi!" mtu akajibu kutoka nyuma.

"Vumbi! Sasa nasema mbele ya wote. Mwaka huu, atakayeleta ushindi wa mbio kutoka mjini, kijiji kitampa kiwanja chake na eka yake. Awe mwanamume, awe mwanamke. Ujamaa haubagui."

Aliposema hivyo alikuwa anamtazama Evaristi. Kila mtu alikuwa anamtazama Evaristi. Alikuwa kijana wa mtaa wa juu, mwenye mbio kweli, aliyekuwa anatafuta kiwanja ili aoe, na Eustaki alikuwa mjomba wake. Hapo ndipo Albina aliponyoosha mkono.

"Mwenyekiti, umesema awe mwanamke?"

"Nimesema."

"Basi niandike."

Watu walicheka, na si kwa chuki. Albina alikuwa amevuka umri wa wasichana wanaokimbia. Eustaki naye alicheka, akamwandika, kwa sababu alikuwa ameshasema mbele ya wote. Mama mkwe hakucheka. Tulipofika nyumbani alimwambia, "Unataka kukimbia wapi? Umeshakimbizwa mara moja, haikutosha?" Albina akasema anataka mahali pa kugongomea msumari wake. Basi, jambo lenyewe lilikuwa hilo na si lingine.

Sasa niseme habari za ntumba, maana pasipo ntumba mtu hawezi kuelewa kosa lililofuata. Huku kwetu, mvua zinapokaribia kwisha tunalima vilima vidogo vinavyoitwa ntumba. Unakata nyasi pamoja na mizizi yake kwa jembe, unaipindua, majani ndani udongo nje, unaizungusha duara mpaka kilima kinakufika juu ya goti. Halafu unakiacha. Kiangazi chote majani yanaoza humo ndani, na mvua mpya zikija unakibomoa, unatawanya ule udongo mweusi, unapanda ulezi. Ni kazi nzito kuliko kazi zote za Ufipa. Siku ya kwanza ya ntumba, mtu mzima analala akiugua kama aliyepigwa na kundi la watu.

Na dawa yake kila Mfipa anaijua. Kesho yake unaamka, unafunga kitambaa kiunoni kwa nguvu, unarudi na jembe lile lile. Unalima juu ya maumivu. Siku ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza, ya tatu unaanza kuyasahau, na baada ya hapo mwili umekubali. Anayekaa nyumbani siku ya pili anaonekana mvivu, na tena akirudi anaanza upya. Tumekuzwa hivyo, na kwa jembe ni kweli, maana jembe lina mwendo wake wa polepole, na mtu akichoka sana linajipunguza lenyewe.

Albina akachukua sheria ya jembe akaipeleka kwenye miguu.

Alikuwa anatoka kabla wanawake hawajaenda kisimani, anakimbia mpaka kwenye mikaratusi ya kilimani na kurudi, kisha anashika jembe kwenda nasi kwenye ntumba. Baada ya siku ya kwanza nilimkuta ameshika nguzo ya jiko, anataka kuchuchumaa apulize moto, mapaja yamekataa.

"Wifi, nishike mkono nikae."

"Ukishakaa nani atakuinua?"

"Wewe."

"Mimi nina mtoto mgongoni na sufuria mkononi. Utakaa hapo mpaka Saba Saba."

Tulicheka wote wawili. Hata kucheka kulimuuma tumboni. Kesho yake alikimbia tena, na kilima alikipanda mara mbili badala ya moja, kwa sababu maumivu yalikuwa yamezidi, na aliamini yanatolewa kwa kuzidishwa. Hivyo akaendelea wiki baada ya wiki. Alikuwa analala na njaa kwa uchovu, kijiko kikiwa mkononi. Niliona anakonda usoni. Miguu haikuwa inauma tena kama mwanzo, alisema. Ilikuwa imekuwa mizito tu, kama imefungwa magunia.

Mwezi wa nne Eustaki aliwakusanya wakimbiaji wote kuwapima, kutoka ofisi ya kijiji mpaka daraja na kurudi. Wasichana wa darasa la saba walimpita Albina wakiwa wanapiga soga. Evaristi aliyekuwa ameshamaliza na kukaa kwenye jiwe alimwita, "Shangazi, njoo tu, ugali hatujaumaliza!" Kijiji kizima kilikuwa kinatazama.

Mtu mwingine angeacha. Albina aliona hajajitesa vya kutosha. Kesho yake akaenda kilimani akakimbia kwa nguvu zake zote kwenye mteremko, na kwenye mfereji wa chini ya mikaratusi, akiruka, kitu kikakatika ndani ya shavu la mguu wa kulia. Alisema alisikia kama kamba ya ng'ombe inakatika. Adolfu alimkuta akirudi kwa kushika miti, mmoja hadi mwingine, na pale ambapo hapakuwa na miti alikuwa anatambaa.

Tulimpeleka misheni Kaengesa kwa baiskeli, yeye kwenye kiti cha nyuma, Adolfu akisukuma. Sista wa zahanati aliukamata mguu, akaubonyeza huku na huku, akauinua.

"Hakuna kilichovunjika. Ni msuli umechanika kidogo. Uuache."

"Niuache mpaka lini, Sista?"

"Mpaka ukikanyaga usiukumbuke. Kisha utembee kwanza. Kisha ndiyo ukimbie, siku moja ukimbie, siku moja ukae."

"Siku ya kukaa nifanye nini?"

"Ukae."

"Na Saba Saba?"

"Saba Saba ipo kila mwaka," alisema Sista, akaita mgonjwa mwingine.

Saba Saba ilikuwapo kila mwaka, ahadi ya Eustaki ilikuwa ya mwaka mmoja.

Kukaa, katika kijiji cha miaka ile, hakukuwa jambo dogo. Tulikuwa tunaambiwa kila mkutano kwamba anayekula bila kufanya kazi ni kupe, anamnyonya mwenzake. Kulikuwa na siku za shamba la kijiji, kengele inagongwa, kila mwenye mikono anakwenda. Albina hakwenda. Alikuwa amekaa mlangoni, mguu juu ya kinu kilicholazwa, na wote waliokwenda shambani walipita mbele yake na majembe mabegani. Wengine walimpa pole. Wengine walisema kwa sauti ya kusikika, "Heri yetu tusiojua kukimbia." Siku ya tatu ya shamba Eustaki alikuja mwenyewe.

"Albina, mguu unaendeleaje?"

"Uko hapa, Mwenyekiti."

"Na mdomo? Maana nasikia mdomo haujambo, unakula."

Mama mkwe akatoka ndani. "Eustaki, unahesabu matonge nyumbani kwangu?"

"Sihesabu, mama. Nasema sheria. Asiyelima shamba la kijiji hatakimbia kwa jina la kijiji. Nitamfuta. Watu wameanza kuuliza kama nafuga kupe."

Neno hilo mama mkwe alilichukua vibaya sana. Alikuwa mwanamke aliyelima tangu enzi za Wajerumani, mwenyewe alisema hivyo, na katika nyumba yake hakuna aliyewahi kuitwa hivyo. Eustaki alipoondoka alimgeukia binti yake. "Kesho utakwenda, hata kwa kutambaa."

"Nitakwenda," Albina alisema, "lakini si kwa miguu."

Kesho yake alijikokota na fimbo mpaka ghala la kijiji, akaomba mahindi ya kijiji ayapukuchue. Kazi hiyo wengi waliikimbia kwa sababu inachubua viganja. Alikaa juu ya gunia, mguu umenyooshwa, akapukuchua kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, na vivyo hivyo kila siku kengele ilipogongwa. Eustaki akaliacha jina lake orodhani. Jioni alikuwa anarudi na vidole vimevimba, anashindwa kumega ugali, nami nikamwambia, "Sasa miguu imepumzika, mikono imelala hospitali. Bado shingo." Akasema shingo anaiweka akiba.

Ilikuwa katika siku hizo ndipo jambo la ntumba lilipomwingia. Mimi nilikuwapo. Alikuwa ametuletea chakula shambani, akichechemea bado, akaketi kwenye ukingo wa ntumba tuliyoilima mwezi mmoja nyuma. Alitia mkono ndani ya udongo bila kukusudia, kama mtu anavyochezea mchanga. Akautoa haraka. Akautia tena.

"Mama, humu kuna moto."

Mama mkwe hakusimamisha jembe. "Ulitaka kuwe na nini?"

"Nilidhani zimelala."

"Zilale kwa nini? Majani yanajipika. Ukizibomoa leo utakuta nyasi mbichi, na ulezi ukiupanda utaungua wote. Umesahau hata hayo huko Chala?"

Albina alikaa vile, mkono umezama mpaka kifundo, mpaka tulipomaliza kula. Waliopita njiani waliona mwanamke amekaa shambani hafanyi kazi.

Sitaki kusema zaidi ya nilichokiona. Tangu siku hiyo aliacha kusononeka anapokaa. Mguu ulipoacha kuuma alianza kutembea, mpaka kisimani, mpaka darajani. Wiki moja kabla mwezi wa sita haujaingia alikimbia kidogo kwenye tambarare, akarudi, na kesho yake hakutoka. Nilidhani mguu umeuma tena.

"Unauma?"

"Mapaja yameuma kidogo, yale maumivu ya mazoezi. Mguu wenyewe ni mzima."

"Basi nenda ukayatoe."

"Yako kazini," akasema. "Nayaacha yamalize."

Ndivyo alivyofanya mpaka mwisho. Siku moja alikimbia, tena sana, mpaka anarudi kanga imelowa jasho na upepo wa mwezi wa sita unamtetemesha. Siku iliyofuata alichambua maharage, alishona, alitembea polepole kwenda kutafuta kuni za kuwashia. Jumapili alikwenda kanisani tu. Akiamka mapaja yamekaza sana, hata siku ya kukimbia alitembea tu. Kijiji kiliona uvivu mtupu. Evaristi, ambaye yeye alikimbia kila siku iliyotoka jua na kila mtu alimsifu, hakupita nyumbani kwetu bila kutupa neno.

"Shangazi, leo zamu ya kiti?"

"Zamu ya kiti, baba. Kesho njoo unifukuze."

"Nitakufukuza kwa fimbo ya mgonjwa!"

"Ilete, ile ya kwangu nimeitia jikoni."

Lakini siku moja alipomfukuza kweli, kwa mzaha, kuanzia kisimani mpaka darajani, alimpita kwa shida kuliko alivyotaka. Nilimwona ameinama darajani anatafuta pumzi, na hakuutaja tena mchezo huo.

Siku mbili kabla ya Saba Saba, Eustaki alitangaza mpango wake. Wakimbiaji wote wa kijiji, na mgambo, wataingia mjini kwa mchakamchaka. Watatoka kijijini alfajiri ya tarehe sita, wakikimbia kwa nyimbo na bendera, ili wakubwa wa chama waone kijiji kilivyo imara. Kutoka kwetu mpaka Sumbawanga mtu mwenye mwendo mzuri anatembea kutwa. Watu walishangilia. Albina akasimama.

"Mwenyekiti, mimi nitawakuta mjini."

"Utatukuta na nini? Na ndege?"

"Na lori la Halfani."

Halfani alikuwa mfanyabiashara wa mjini aliyekuwa anakuja kubeba maharage ya kijiji. Mkutano ulivuma. Mama mmoja akasema, "Mkimbiaji anabebwa!" na kicheko kikaenda mpaka barabarani.

Eustaki alingoja kitulie. "Albina, wenzako watakimbia kwa heshima ya kijiji, wewe utakaa juu ya magunia?"

"Heshima ya kijiji si ni ya tarehe saba? Miguu yangu nimeiwekea hiyo."

"Ukishindwa je?"

"Leo mmenicheka bure. Nikishindwa, mnicheke tena kwa haki."

Hakuruhusiwa wala hakukatazwa. Tarehe sita, mchana, lori lilipakia, nasi tukapanda, mimi na yeye, kwa kuwa nilikuwa na watu wangu mjini. Njiani tuliwapita wenzetu. Wimbo ulikuwa umekwisha, bendera inalala begani kwa mtu, vumbi la lori likawafunika wote. Evaristi alitoka vumbini akipaza sauti, "Mwanariadha wa magunia! Usianguke ukachubuka!" Albina alipunga mkono. Hakucheka, alikuwa amekunja kanga miguuni kuikinga na baridi.

Tulilala kwa Kulsumu, mke wa Halfani, nyuma ya duka. Mimi na Kulsumu tulikuwa tunajuana tangu usichana wetu, kwa maharage na kwa mazungumzo.

"Ndiye huyu mkimbiaji?" akaniuliza. "Mbona amekaa kama bibi harusi?"

"Kajizuia kutumia miguu mpaka kesho."

"Na mimi nani atanizuia? Halfani! Umesikia? Wenzetu wanapumzishwa!"

Akamwekea maji ya moto kwenye karai atie miguu, akamletea chapati na chai ya tangawizi. Wenzetu waliingia mjini jua limezama. Walilazwa kwenye madarasa ya shule, sakafuni.

Mbio za wanawake zilitoka uwanjani, zikazunguka kupitia sokoni, zikashika njia ya kwendea Mbeya, zikageuka na kurudi. Mimi nilisimama karibu na kamba ya kumalizia, kwa hiyo sikuona yaliyotokea njiani, na waliosema waliyaona walisema kila mmoja lake. Nilichokiona ni hiki. Aliyetokea kwanza alikuwa msichana mdogo wa Msanzi, anakimbia kama aliyetumwa chumvi, hana habari na mtu. Nyuma yake, mbali kidogo, aliyetokea alikuwa Albina. Mabega yameshuka, mdomo umefungwa. Alikuwa anampunguza yule msichana hatua kwa hatua, lakini uwanja ukaisha mapema. Akawa wa pili. Wasichana wetu wa darasa la saba, wale waliompita mwezi wa nne wakipiga soga, walifika na kundi la mwisho, mmoja amevua viatu, mwingine analia.

Mbio za wanaume zilifuata. Evaristi alitangulia mpaka sokoni, watu walisema. Baada ya hapo mapaja yalimkamata. Alirudi anatembea, amejishika nyonga kama mzee, akaja kukaa karibu yetu kwenye majani. Albina alimpa maji.

"Shangazi," akasema, "miguu yangu imebaki kule njiani na ule wimbo."

Zawadi ya mshindi wa pili ilikuwa jembe, bado lina mafuta ya kiwandani, halina mpini. Hicho ndicho kitu pekee ambacho kijiji chetu kilirudi nacho mwaka ule.

Mkutano wa baada ya Saba Saba ulijaa kuliko yote. Jembe liliwekwa mezani mbele ya Mwenyekiti. Eustaki alimpongeza Albina kwa maneno mengi mazuri, akakohoa, akasema, "Lakini ndugu zangu, mtakumbuka nilisema ushindi. Wa pili si mshindi. Wa pili ni wa pili. Kijiji kitampa Albina makofi, na jembe lake ni lake."

Makofi yalipigwa machache. Albina alikuwa amesimama wima, mikono imeshikana mbele. Niliona anaangalia lile jembe na si kitu kingine. Mama mkwe akataka kuinuka, nikamshika kanga, maana alikuwa na maneno ambayo yangeharibu. Kabla sijajua la kufanya, Evaristi akasimama, taratibu, akiwa bado anachechemea.

"Mjomba, naomba kuuliza."

"Hapa ni mkutanoni. Mimi ni Mwenyekiti."

"Mwenyekiti. Kama ningekuwa wa pili mimi, lile jembe ningelileta mimi, eka ningepewa au nisingepewa?"

Hapakuwa na mtu mle ambaye hakujua jibu. Kicheko kilianzia nyuma, kwa wazee, kikaja mbele, na Eustaki mwenyewe, nampa haki yake, mwishowe alicheka. Alikuwa mtu wa sauti kubwa lakini hakuwa mtu wa uongo.

"Ungepewa," akasema. "Apewe."

Walimpa eka ambayo hakuna aliyeitaka, kilimani, chini ya mikaratusi, mawe upande mmoja na nyasi ndefu kupita kichwa upande wa pili, karibu na ule mfereji uliomuumiza mguu. Wengine walisema amelipwa kwa dhihaka. Mama mkwe alikwenda kuitazama, akashika zile nyasi, akasema tu, "Nyasi nyingi, ntumba nene." Adolfu na Evaristi walimjengea kibanda cha chumba kimoja kiangazi hicho hicho, na siku ya kuhamia Albina alibeba sanduku lake mwenyewe kichwani. Nilipokwenda kumtembelea nilikuta nguo zimetundikwa ukuta mzima, mpaka za kanisani, na sanduku liko tupu, analitunzia unga.

Aliishi pale zaidi ya miaka thelathini. Hakukimbia tena mashindano. Wakaja wachumba wawili, mmoja mgane wa Kaengesa mwenye ng'ombe, akawapikia vizuri na kuwarudisha. Ulezi wake ulikuwa unanunuliwa na watu wa pombe kabla haujavunwa.

Lakini ninalolikumbuka zaidi ni la mwanzo, mvua za mwaka uliofuata. Alilima ntumba zake za kwanza kwa lile jembe la zawadi, kutwa nzima, peke yake. Kesho yake asubuhi nilikuwa napita, naye Eustaki akipita njia hiyo hiyo kukagua mashamba, tukamkuta amekaa mlangoni, miguu imenyooka mbele, viganja viko wazi juu ya mapaja, jua linampiga. Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani, limeoshwa.

"Albina!" Eustaki alimwita toka barabarani. "Hujaenda shambani? Hili si ndilo shamba ulilolililia?"

"Shikamoo, Mwenyekiti. Nilikwenda jana."

"Na leo?"

"Kesho nitakwenda."

Eustaki alisimama akilitazama shamba. Palikuwa na ntumba nyingi kuliko alivyotegemea, zimepangwa sawasawa mpaka kwenye mawe. Alitazama jembe, akatazama miguu ya Albina, akaniangalia mimi kana kwamba nitasema neno. Akaitikia marahaba aliyokuwa amesahau kuiitikia, akaendelea na njia yake.